Kabla hujanunua samaki wa tangi dogo, yajue kwanza maji ya kwenu (uzi wa watu wa Lamu na pwani)

Mkomani_Kisimani

Assalaamu alaykum wadau, na hamjambo nyote.

Wiki hii nimeulizwa mara nne swali lile lile: "Nina kitangi kidogo, nitie samaki gani?" Wa nne alikuwa mtoto wa jirani. Alikuja na chupa ya achari imeoshwa, ndani mna samaki wa dhahabu wawili wanahema juu juu ya maji, midomo nje, kama watu waliopanda ghorofa tatu na mzigo. Chupa yenyewe haifiki lita tatu. Ilipofika Ijumaa mmoja keshakufa, wa pili nikampa hifadhi kwangu. Basi nimeona niandike mara moja, atakayeniuliza tena nimtumie uzi.

Mtoto alianza na samaki, na hapo ndipo tunapoanzia wengi. Mimi nasema anza na maji. Rangi uliyoipenda dukani itakufa kwenye maji yasiyokuwa yake.

Mimi mwenyewe nimelilipia somo hili. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua Mombasa tetra kumi na wawili, wale wenye mstari wa buluu unaowaka kama taa. Nikasafiri nao siku nzima, mfuko ndani ya kapu, kapu mapajani, tangu alfajiri mpaka gati ya Mokowe, kisha boti mpaka Lamu. Wote walifika hai, nikajiona hodari. Tangi nilishalipamba: mawe ya matumbawe niliyookota ufuoni, makombe, mchanga mweupe, na maji ya kisima. Siku ya kumi na moja nilimtoa wa mwisho kwa kijiko cha chai. Nikamlaumu mwenye duka, nikalaumu basi, nikalaumu joto.

Tetra yule (Paracheirodon innesi) kwao ni vijito vya msitu wa Amazoni. Maji ya huko ni laini, yana uchachu kidogo, kama maji ya mvua yaliyolowekwa majani makavu. Visima vyetu vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yanapanda na chokaa yake. Halafu mimi juu ya hapo nikamtilia matumbawe zaidi ndani ya tangi, yakawa yanayeyuka pole pole na kuyazidisha maji ugumu. Duka halikuwa na kosa.

Kuyapima huhitaji maabara. Chukua sabuni ya kipande, nawa kwa maji hayo hayo. Ikikataa kutoa povu na kuacha utandu mweupe kwenye beseni, maji yako ni magumu. Tazama na chini ya sufuria ya chai: ule ukoko mweupe ndiyo chokaa. Chumvi ulimi utakuambia.

Sasa ukishajua kwamba maji yako ni magumu (na kwa wengi wetu hapa ni magumu), habari njema ni kwamba wapo samaki wadogo wanaoyapenda. Wa kwanza ni gapi, Poecilia reticulata. Asili yake ni Amerika Kusini upande wa Venezuela na kisiwa cha Trinidad, na leo yuko karibu kila nchi ya joto, maana alisambazwa kwa makusudi ale viluwiluwi vya mbu. Dume hazidi sana sentimita tatu, ndiye mwenye mkia wa kanga. Jike ni mkubwa zaidi na hana urembo. Wa pili ni plati, wa Meksiko na nchi za jirani, mpole, mnene kidogo, naye anapenda maji magumu. Wa tatu moli, ambaye hata maji yenye chumvi kidogo anayavumilia, ila huyo anakua: wengine wanafika sentimita kumi na kupita. Moli asiingie tangi la lita 25.

Na hesabu ya lita usiikisie. Pima urefu, upana na kina kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 1000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54. La 40 kwa 25 kwa 25 ni lita 25. Ukumbuke na uzito: lita 54 za maji pekee ni kilo 54, bado kioo na mchanga. Kabati la mbao laini litapinda, na siku likipinda kioo kinapasuka usiku wa manane. Ndiyo, naongea kwa uzoefu. Hapana, sitaki kusimulia.

Kwa lita 54 mimi ningetia gapi madume wanane, basi. Kwa lita 25, madume wanne au watano, au beta (samaki mwingine, nitamweleza chini) mmoja peke yake. Nasema madume kwa sababu ukichanganya, jike anabeba mimba kama wiki nne, anazaa watoto walio hai wanaoogelea saa ile ile, na anaweza kuweka mbegu za dume tumboni akaendelea kuzaa miezi kadhaa bila kumwona dume mwingine. Kuna mtu hapa Langoni alianza na sita. Sasa anagawa kwa ndoo, na watu wanamwona mbali wanageuza njia.

Naendelea jioni, nimeitwa dukani.

Kinondoni77

Mkuu heshima yako. Mimi niko Dar. Samaki wa dhahabu nimemweka kwenye bakuli la kioo mwaka wa pili huu na yuko hai. Naona mnatutisha bure.

Mkomani_Kisimani

Ndugu wa Kinondoni, nimefurahi yuko hai. Ana urefu gani? Samaki wa dhahabu ni jamaa ya yule samaki wa Uchina aitwaye kapu (carp). Akitunzwa anapita sentimita 20, na anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Huyo wako akiwa bado ni wa kidole, amedumaa. Na yeye anakunya kupita kiasi, samahani kwa lugha, hana tumbo la kuhifadhi chakula kama samaki wengine, kinaingia na kutoka. Pia kwa asili ni samaki wa maji ya baridi kuliko haya yetu.

Hapo ndipo penye jambo ambalo watu hawaambiwi dukani. Kinyesi na chakula kilichobaki vinageuka amonia. Amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si kali hivyo na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao wanakaa kwenye sponji ya kichujio, kwenye mchanga, kwenye kioo. Tangi jipya hawamo. Wanachukua wiki nne mpaka sita kutosha. Ndiyo maana samaki wanakufa siku ya nne au ya kumi na watu wanasema "kijicho".

Na kwetu pwani ni kubaya zaidi: maji yakiwa ya joto na yenye magadi (kinyume cha uchachu, kama haya yetu ya chokaa), sehemu kubwa zaidi ya amonia ile ile inakuwa kwenye hali yake ya sumu. Kiasi kinachomsumbua tu samaki penye ubaridi na maji ya uchachu, hapa kinamuua. Joto tena linapunguza hewa majini. Maji safi ya nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu. Samaki wa dhahabu ndani ya bakuli, mwezi wa tatu, Lamu? Mwache.

Kinondoni77

Ana sentimita tano. Nimepima kwa rula ya mtoto. Sawa mkuu, natafuta beseni.

Bibi_wa_Barazani

Wanangu, nimesoma nikacheka. Nyinyi mwasema tangi, akweriamu, kama jambo limeshuka jana na meli. Nyumba yetu ya mawe ina birika msalani, birika la kujengwa kwa chokaa, la kuwekea mai ya kuoga na kutawadha. Ndani mlikuwa na samaki wadogo, wadogo kama kucha, wa kijivu. Kazi yao kula viluwiluwi, mbu wasizaliane ndani ya nyumba. Mamangu hakuwalisha hata siku moja. Chakula chao kilikuwa kile kile cha birikani.

Na chini ya birika imezikwa sahani ya kaure ya Kichina, imejengewa hapo sakafuni. Mtoto nilidhani ni pambo. Siku ya kuosha birika, mai yote yatekwa mpaka yabaki yale ya kwenye sahani, na samaki wote wakimbilia pale. Unasugua kuta, unasugua sakafu, wao wamo sahanini wazunguka. Ukimaliza, unajaza. Hakuna aliyeshikwa kwa mkono wala kwa wavu.

Sasa niambieni, huyo fundi wa kale alisoma wapi haya ya bakteria?

Mkomani_Kisimani

Bibi, shikamoo. Umenikosesha usingizi. Nilikuwa naiona sahani ile nyumba nyingi za mji wa kale na nikiambiwa ni urembo tu. Tazameni wadau yaliyomo: birika kubwa, kivuli, kuta nene zinazoweka ubaridi, samaki wadogo wachache, hawalishwi kupita kiasi, na maji yanatekwa na kujazwa kila siku. Kila kosa tunalolifanya na kioo, birika halina.

Na ile sahani ina maana moja zaidi. Birika likioshwa, samaki wanabaki kwenye maji yao yale yale. Sisi tunamwaga tangi zima kila Jumamosi, tunaosha kichujio kwa sabuni, tunarudisha samaki kwenye maji mageni, halafu tunashangaa. Badilisha robo ya maji kwa wiki. Sponji ya kichujio ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, isipite bombani.

Dada_Shela

Shukran kwa uzi. Kwetu stima inapotea, wakati mwingine usiku kucha. Kichujio kikizima samaki hawafi? Na maji ya bomba yenye dawa nifanyeje?

Mkomani_Kisimani

Dada, stima ndiyo sababu nampigia debe beta. Beta (Betta splendens) ni wa Thailand na nchi za pale, kwao ni mashamba ya mpunga na vinamasi, maji ya moto yaliyotuama. Ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu moja kwa moja. Utamwona anapanda, anagusa uso wa maji, anashuka. Stima ikikatika yeye hana habari. Nyuzi 26, 27, ndiyo raha yake, na pwani huhitaji hita. Dume akae peke yake, wawili watachanana mapezi mpaka mmoja afe. Akiona mkondo mkali anachoka, kwa hiyo kichujio kiwe cha sponji chenye mapovu ya taratibu. Lita 15 au 20 zinamtosha, na tangi lifunikwe, anaruka. Maji magumu anayavumilia, yenye chumvi nyingi hapana.

Kama una gapi na stima imekwenda: usiwalishe siku hiyo, chota kikombe cha maji ya tangi umimine kutoka juu, mara kumi, kila baada ya muda. Joto likizidi, chupa ya maji ya barafu iliyofungwa ielee tangini, lakini ndogo, usiwapige baridi ghafla.

Maji ya bomba yenye klorini, yaache kwenye ndoo wazi mpaka kesho, itatoka. Kama wanatia kloramini (dawa nyingine ya maji, inayodumu zaidi) haitoki hivyo, hapo unahitaji dawa ya dukani. Wenye jabia au tangi la mvua mna neema: maji ya mvua ni laini. Ukichanganya nusu kwa nusu na ya kisima unapata maji ya wastani ambayo beta atakuombea dua.

Malindi_Kaskazini

Nimechelewa ila nina la kuongeza. Mnaagiza samaki wa Amazoni na Thailand, na hapa nyumbani tuna samaki ambao watu wa Ulaya wanawafuga kwa mapenzi makubwa. Wanaitwa Nothobranchius. Mvua kubwa ikinyesha, madimbwi ya kando ya barabara ya Malindi kwenda Garsen yanajaa, na baada ya wiki chache mna samaki. Wazee wanasema wameanguka na mvua.

Ukweli wake unashangaza kuliko huo. Mayai yalikuwa ndani ya udongo muda wote. Dimbwi likikauka wakubwa wanakufa wote, mayai yanangoja kwenye tope kavu miezi mingi, mvua ikirudi yanaanguliwa. Samaki anakua mbio, anataga, anakufa, yote ndani ya miezi. Wapo wa aina nyingi kwenye pwani yetu. Nothobranchius jubbi ni wa pwani hii ya kaskazini ya Kenya, na Unguja wana wao, Nothobranchius guentheri. Dume ana rangi ya kukufanya usimame barabarani. Jike wa kijivu. Sentimita tano hivi, kwa hiyo tangi dogo linamtosha.

Mkomani_Kisimani

Ahsante sana ndugu. Ila wadau msikimbilie madimbwi na vyandarua. Dimbwi moja linaweza kuwa ndiyo kijiji chao chote, na aina nyingine haziko popote duniani ila eneo dogo tu. Anayetaka atafute waliozalishwa na wafugaji. Na ajue mapema kwamba mwakani hatakuwa naye. Mwanangu hilo lingemliza.

Malindi_Kaskazini

Nakubali. Pia tope la madimbwi linakuja na konokono, na konokono wengine ndio wanaobeba kichocho. Usilitie tangini.

mtoto_wa_ngazi

Na samaki wa baharini? Nikiogelea miambani naona wale wa machungwa wenye mistari mieupe kwenye maua ya bahari. Maji ya bahari yako hapo, bure.

Mkomani_Kisimani

Kijana, usifanye. Ukiacha kwamba ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, huruhusiwi kutoa hata kombe, tangi dogo la chumvi ni shida tupu. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi haiondoki, inabaki. Lita 20 kwenye joto letu, siku tatu tu, chumvi imepanda. Bahari haibadiliki hivyo hata kwa mwaka, na samaki wake hawajazoea. Vaa miwani, kawatazame kwao.

Nikiwa hapo hapo: jihadharini na yule mweusi anayenyonya kioo, anauzwa akiwa wa kidole eti msafishaji. Anafika sentimita 30, 40. Hakusafishii, anakuongezea kinyesi. Na usije ukachoka naye ukamtupa mtoni. Vifaranga vya perege pia msilete, watatawala tangi kama wamelinunua.

Dada_Shela

Basi nimeamua. Fundi wa madirisha ya alumini ananitengenezea la 60 kwa 30 kwa 30. Anasema silikoni yoyote ni sawa.

Mkomani_Kisimani

Si yoyote. Mwambie ile isiyo na dawa ya ukungu. Inayonuka siki inafaa, mradi haijatiwa dawa hiyo. Iache ikauke wiki nzima mpaka harufu iishe, jaza maji, liweke uani siku mbili ulione kama linavuja. Kisha lisimamishe ndani, mbali na dirisha, tia maji, mimea, kichujio, na chembe za chakula kila siku bila samaki ili amonia ipatikane na bakteria waanze. Nikupe na kipande cha sponji yangu iliyokwisha kukolea, itakupunguzia siku. Pitia Mkomani, njoo na chupa ya maji uondoke na sponji mbichi, isikauke.

Dada_Shela

Wadau narudi, ni wiki ya sita. Tangi halikuvuja. Nilivumilia kioo kitupu mwezi mzima, mume wangu akiwaambia wageni kwamba tunafuga maji. Vijikaratasi vya kupimia vikaonyesha amonia hakuna, nitriti hakuna, ndipo nikaagiza gapi madume wanane. Mmoja amekufa kabla ya Mokowe. Saba wamefika, nimeuacha mfuko uelee tangini nusu saa, nikawa natia kikombe cha maji ya tangi kidogo kidogo. Wanakula mpaka sasa, chakula cha kumalizwa dakika mbili, mara moja asubuhi. Matumbawe sikutia, nimeweka sahani ya udongo chini kwa heshima ya Bibi. Wanalala juu yake.

Sina tatizo la maji tena. Tatizo ni paka. Watatu wamekaa juu ya kifuniko tangu Magharibi, na si wangu hata mmoja.

Bibi_wa_Barazani

Hao wa Lamu hawaondoki, mwanangu. Weka tofali juu ya kifuniko, moja kila pembe.